SOMO: Kubadilisha injini California na kupita kwa refa wa moshi

Wakuu, kila wiki naulizwa lile lile: "Nimepata injini, smog itapita?" (Smog ni kipimo cha moshi cha jimbo; refa ni mkaguzi maalum anayeangalia injini zilizobadilishwa.) Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki. Hii ni California tu. Gari la mfano ni Toyota Pickup ya 1985, ile nyumbani tunaiita Hilux. Imetolewa injini ya 22R ya kabureta, ikaingia injini ya 3RZ ya Toyota Tacoma ya 1998.

1. Injini iwe ya mwaka wa gari lako au mpya zaidi.

2. Isitoke kwenye lori zito.

3. Kabla hujatoa hela, fungua boneti ya gari linalochinjwa, piga picha kibandiko cha moshi. Lazima kitaje California. Kuna magari yaliyotengenezwa kwa kiwango cha shirikisho peke yake, na injini ukiitazama ni ile ile. Muuza spea atakuapia hakuna tofauti, lakini siye atakayesimama mbele ya refa.

4. Beba kila kitu: kompyuta inayoendana na gia boksi utakayotumia, waya zote, vihisi vya oksijeni vya mbele na nyuma ya masega (catalytic converter, kisafisha moshi cha ekzosi), kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli. Kama tanki la gari lile lina kihisi cha shinikizo, nacho beba.

5. Masega ya ekzosi yakae pale yalipokaa kwenye gari la awali. Ukinunua mapya, yawe na namba ya EO (kibali) ya CARB, bodi ya hewa ya California, inayotaja injini hiyo, imegongwa kwenye bati lenyewe. Yale ya bei chee ya "majimbo 49" yamelikosa jimbo moja, nalo ndilo unaloishi.

6. Taa ya check engine iwepo kwenye dashibodi: ufunguo ukifunguliwa iwake, injini ikinguruma izime. Soketi ya OBD-II (mfumo wa kompyuta ya gari kujipima) ifikike chini ya dashibodi bila kufungua skrubu.

7. HAPA SOMA TARATIBU. Refa hasomi moshi tu, anaiuliza kompyuta kama imemaliza kujipima. Vipimo hivyo vinaitwa monita. Ukichomoa betri au ukifuta makosa kwa mashine, monita zote zinarudi sifuri. Mimi nilifuta usiku wa kuamkia miadi ili niende "msafi", nikarudishwa nyumbani bila hata ekzosi kuguswa. Injini ya 1996 hadi 1999 inaruhusiwa monita moja tu isiyokamilika. Ya 2000 na kuendelea, ni ya mvuke peke yake. Kwa hiyo endesha gari siku kadhaa: liwashwe likiwa limelala baridi, lipate barabara kuu kwa mwendo usiobadilika, lipate na foleni ya mjini. Tanki lisijae, lisikauke. Kisha soma monita kwa kimashine chako mwenyewe KABLA ya kwenda. Na usiguse betri tena, hata kama redio haiimbi.

8. Weka miadi kwa refa. Stesheni ya kawaida haipokei injini iliyobadilishwa kwa mara ya kwanza. Beba risiti na picha ya kibandiko. Ukipita anabandika lebo yake, na baada ya hapo unapima stesheni yoyote.

MASWALI

– Mkuu, gari ya 1990, injini ya 1986, inapita? Nijibu fasta.
Hatua ya 1.

– Maneno mengi. Jamaa yangu kaweka V8 na hajaona refa wala nani.
Gari lake la mwaka gani?

– 1972.
La petroli la 1975 kurudi nyuma halipimwi. Ungeanza na hilo.

– Shikamoo mkuu. Nina Cressida ya 1990, natamani injini ya 1JZ kama Mark II za kule Dar. Inawezekana?
Marahaba. 1JZ haikuwahi kuuzwa Marekani kwenye gari lolote, kwa hiyo hakuna kibandiko cha California cha kumwonyesha refa. Tafuta 2JZ-GE. Ya Lexus SC300 ya 1992 hadi 1995 ni ya kabla ya OBD-II, haina habari ya monita, ila moshi wa bomba utapimwa. Ya IS300 ni mpya zaidi, lakini ukiichukua beba na pedali ya mafuta, maana throto ni ya umeme, pamoja na ufunguo wake, la sivyo imobilaiza (kinga ya wizi) itakugomea. Cressida inakupa nafasi nzuri chini ya boneti. Tuma picha ukianza.

– Niko Houston, haya yananihusu?
Harris, kaunti ya Houston, bado wanapima moshi, ila gari lililozidi miaka 24 halipimwi. Hiyo haina maana ung'oe masega. Sheria ya shirikisho inakataza, Texas imo.

– Masega yangu yameibiwa mara mbili, nayalindaje?
Funga sahani ya chuma chini, kwa boliti za kukatika kichwa. Wanafuata platinamu, paladi na rodi. Pickup iko juu, mwizi hahitaji hata jeki. Chonga namba ya gari kwenye bati pia, ila usiiguse namba ya EO, refa ataitafuta kwa tochi.