Namna ya kupata PhD yenye ufadhili kwenye lugha za programu

Usianze na tovuti za vyuo, anza na makala za utafiti. Mimi nilipitia orodha za makala za POPL na PLDI, mikutano ya utafiti wa lugha za programu, za miaka mitatu, nikaandika daftarini majina yaliyojirudia kwenye mada niliyoipenda, mifumo ya taipu (kanuni za lugha zinazokagua aina za data kwenye programu). Humo ndimo utakamompata msimamizi.

Barua pepe yangu ya kwanza ilikuwa ndefu kama wosia. Haikujibiwa. Ya pili ilikuwa na sentensi tano: nimesoma makala yenu kuhusu lugha ya Rust, nimekwama ukurasa wa tatu, nimejaribu hivi kwa lugha ya OCaml, msimbo huu hapa, je, mna nafasi? Nilijibiwa kesho yake.

Kwa upande wa hela, Ujerumani, Uholanzi na Sweden nafasi mara nyingi ni ajira ya mkataba na mshahara, na hutangazwa mwaka mzima. Marekani vyuo vingi hufunga maombi Desemba. Unalipwa kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Uliza mapema kama ufadhili unafika hadi mwisho wa masomo (usione haya, kila mtu anauliza).

Halafu kuna PLMW, warsha ya wanafunzi inayoambatana na POPL. Huwa na ufadhili wa kuhudhuria. Omba hata kabla hujapata chuo.