Kukabidhi mkusanyiko wa sanaa wa familia kwa makumbusho ya chuo kikuu: hatua kwa hatua

Naandika haya mara moja, ili nikiulizwa tena nielekeze watu hapa. Mzee akifariki, simu zinaanza: "Kuna michoro ya marehemu ukutani, tuipeleke Makerere siku gani?" Ndugu zangu, gari huja mwisho kabisa. Na anayetaka kuuza, somo hili si lake.

1. Hakikisheni mna haki ya kutoa. Mwenye mali akiwa hai, asaini mwenyewe. Akiwa amefariki, anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Kuwa mtoto wa kwanza hakutoshi. Hapa Uganda, kabla ya mahakama mara nyingi mtahitaji cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, basi anzeni mapema.

2. Orodha. Namba, msanii, mwaka, imetengenezwa kwa kitu gani, kimo kisha upana kwa sentimita, hali yake.

3. Picha. Mbele na nyuma ya kila kazi, mchana, bila flashi.

4. Msisafishe wala kubadilisha fremu. Hapa ndipo nimeona hasara isiyorudishika. Familia moja ya Kampala ilitaka kutoa zawadi iliyo nadhifu. Wakapeleka michoro kwa fundi wa fremu, naye akang'oa mbao za nyuma zilizochakaa na kuzitupa. Kwenye mbao zile palikuwa na jina la msanii kwa mkono wake, mwaka, na lebo ya maonyesho. Mbele hapakuwa na saini. Leo michoro mitatu kati ya ile haijulikani msanii wake, na hakuna mtaalamu atakayethubutu kuitaja kwa jina. Kwa hiyo: msifute rangi ya mafuta kwa kitambaa chenye maji, wala kwa mkate au kiazi kama wengine wanavyoshauriana. Msibandike selotepu. Msiandike kwa kalamu ya wino nyuma ya karatasi. Namba iandikwe kwa penseli laini, pembeni. Fremu ikiwa imelegea, ifungeni kwa utepe wa pamba na muiache hivyo. Vumbi la miaka hamsini mhifadhi wa makumbusho ataliondoa. Maandishi yaliyotupwa hataweza kuyarudisha.

5. Historia ya kila kazi. Ilinunuliwa wapi, kwa nani, ilining'inia nyumba gani. Kaeni na bibi au babu aliyebaki, mrekodi kwa simu. Shule ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell pale Makerere miaka ya 1930 iliwalea wasanii wa Afrika Mashariki nzima: Gregory Maloba wa Kenya, aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala, na Sam Ntiro na Elimo Njau wa Tanzania. Kazi nyingi za wanafunzi wa enzi zile zilinunuliwa na walimu, madaktari na makarani moja kwa moja kutoka kwa msanii, bila risiti. Kumbukumbu ya mzee ndiyo risiti. Mimi naipa hatua hii uzito kuliko zote, kwa sababu mchoro unaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi, mzee huenda asiweze.

6. Barua kwa makumbusho, pamoja na orodha na picha. Subirini waje waone. Watachagua, na watakataa baadhi. Msikasirike: kila kazi wanayoipokea wanaahidi kuitunza, na nafasi ya stoo si ya bure.

7. Hati ya zawadi. Isomwe na wakili wenu. Epukeni masharti kama "ionyeshwe daima" au "mkusanyiko usitenganishwe kamwe"; mwanga huharibu kazi za karatasi, na makumbusho makini hayatakubali. Ombeni jina la mzee liandikwe kwenye lebo, wanafamilia waweze kuziona kwa miadi, na kazi zisiuzwe bila ninyi kuarifiwa. Kumbukeni pia: mnatoa mchoro, hamtoi hakimiliki, isipokuwa msanii au warithi wake waliwapa. Kwa sheria ya Uganda ya 2006, hakimiliki hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Ntiro alifariki 1993, hesabuni.

8. Kusafirisha. Siku ya jua, michoro isimame wima, kadibodi katikati, nakala ya orodha isainiwe pande zote mbili.

---

Maswali ya wanachama

Mjukuu wa Jinja: Tuna michoro mingi, mnaweza kuja kuichukua wikendi hii?

— Mimi si makumbusho. Anza hatua ya 1.

Mama wa Arua: Asante mwalimu. Vinyago vya baba vinadondosha unga. Nivimwagie mafuta ya taa?

— Hapana mama, usimwage chochote. Kwanza tenga kila kinyago peke yake na ukiweke juu ya karatasi nyeusi kwa wiki kadhaa. Unga mpya ukionekana, wadudu wako hai. Kifunge kwenye nailoni mbili, utoe hewa, kisha kikae wiki mbili kwenye friza inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukikitoa usifungue nailoni hadi kesho yake, ili unyevu utue nje ya nailoni. Hii ni kwa mbao tupu. Chenye rangi, gundi au shanga, mwite mhifadhi. Na hongera kwa kuuliza kabla ya kufanya.

Kijana wa Ntinda: Kuna pembe ya ndovu iliyochongwa. Inaingia kwenye orodha?

— Usiihamishe. Nenda kwanza Mamlaka ya Wanyamapori. Kuimiliki bila kibali ni kosa, hata kama ni ya babu.

Msomaji Mbarara: Jengo kuu la Makerere liliungua 2020. Unatuambia tupeleke urithi wetu ukateketee?

— Galari ya sanaa ya Makerere iko kwenye shule ya sanaa, si kwenye jengo lile. Hofu yako ina haki, lakini igeuze iwe maswali: stoo iko wapi, nani ana funguo, orodha ina nakala nje ya jengo, vizima moto vilikaguliwa lini? Uliza kabla ya kusaini. Wasipojibu, tafuta chuo kingine. Sikumlazimisha mtu.

Mwanafunzi Kyambogo: Na barua za msanii, michoro ya penseli, kadi za mialiko ya maonyesho? Nyumbani wanataka kuzichoma.

— Zizuie leo hii! Kwa mtafiti hizo zina thamani sawa na mchoro wenyewe. Toa pini na klipu za chuma kabla hazijashika kutu, usipange upya mfuatano wake, ziweke kwenye sanduku kavu lililoinuliwa kutoka sakafuni, mchwa wasifikie. Ziandikie mstari wake kwenye orodha.

Mwanafunzi Kyambogo: Tuna pia lubugo (kitambaa cha gome la mti) lililochorwa, limekunjwa kabatini.

— Likunjue taratibu, usilipige pasi. Lizungushe kwenye bomba nene la kadibodi lililofunikwa kwa kitambaa cheupe cha pamba, upande wenye rangi ukiwa nje. Ukiwa ndani, rangi hubanwa na kumeguka. Likiwa kavu sana na linavunjika kwenye mikunjo, acha kulikunjua, lipige picha, unitumie.