Namna ya kuendesha kura ya vigae ya Athens ya mwaka 482 KK katika klabu ya historia

Nafundisha historia sekondari, na klabu yetu hupiga kura ya kumhamisha mtu mjini kwa kukwaruza jina lake kwenye kigae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika. Mji ni Athens, mwaka ni 482 KK, na wanaoshindaniwa ni wawili: Aristides mwana wa Lysimachus na Themistocles mwana wa Neocles. Naandika kwa ajili ya mwalimu mwenzangu anayetaka kujaribu, maana sijaona njia nyingine inayowaingiza vijana katika Ugiriki ya wakati ule upesi namna hii.

Anza na vigae. Nenda kwa wauza vyungu sokoni uombe vilivyopasuka. Watakupa bure au kwa bei ya kutupa. Chagua vipande vinavyoenea kiganjani, kisha sugua kingo zake kwenye sakafu ya saruji zisije zikakata vidole. Kalamu ni msumari. Usikubali karatasi hata wakikubembeleza. Waathene walitumia vigae kwa sababu vilizagaa kila mahali na havikugharimu kitu, na mwanafunzi akishakwaruza herufi kumi juu ya udongo uliochomwa, ataelewa mwenyewe kwa nini kura nyingi zina jina la mtu na la baba yake, basi. Vigae hivyo vimefukuliwa kwa maelfu. Mtaa wa wafinyanzi wa Kerameikos peke yake umetoa zaidi ya 8,000.

Kisha eleza hali ilivyokuwa, kwa ufupi. Mwaka 508 KK Cleisthenes aliwapanga raia upya katika makabila kumi, na kila kabila likatoa watu 50 wa kuingia Baraza la 500. Mwaka 490 KK Waajemi walitua Marathon wakapigwa. Waathene 192 walioanguka walizikwa pamoja, na kilima cha kaburi lao kipo mpaka leo. Pamoja na Waajemi hao alikuja Hippias, aliyekuwa ameitawala Athens kwa mabavu, akitumaini kurudishwa madarakani. Hapo wanafunzi huacha kupiga soga, kwa sababu sasa wanaona hofu ilikotoka: kura ya kwanza ya vigae, mwaka 487 KK, ilimwangukia Hipparchus mwana wa Charmus, jamaa wa ukoo wa Hippias.

Sasa fika kwenye fedha. Mwaka 483 KK migodi ya Laurion ilitoa fedha nyingi kuliko kawaida, na likaja pendekezo kila raia agawiwe sarafu za drakma kumi. Themistocles akasema hapana, fedha hiyo ijenge merikebu za kivita. Tua hapa, tena sana. Merikebu moja ilihitaji wapiga makasia 170, nao wengi walikuwa maskini wasioweza kununua ngao na deraya. Akishakuwa yeye ndiye anayeusukuma mji vitani, maskini huyo atataka neno lake lisikike pia mkutanoni. Waulize wanafunzi: wewe mwenye shamba na deraya yako, unaitakaje Athens ya namna hiyo? Kundi moja liwe upande wa Themistocles, jingine upande wa Aristides, ambaye watu walimwita Mwadilifu na ambaye alikuwa hasimu mkuu wa Themistocles. Hoja wazitunge wenyewe.

Kabla ya yote hayo, pigeni bahati nasibu. Wanawake, watumwa na wageni waliohamia hawakupiga kura Athens, kwa hiyo weka vikaratasi kwenye kofia: atakayeokota «mtumwa», «mgeni» au «mwanamke» atakaa nje ya kamba siku ya kura, awe msichana au mvulana. Walioketi nje huwa na mengi ya kusema baadaye. Wape nafasi ya kuyasema.

Siku ya kwanza uliza swali moja tu: mwaka huu tupige kura ya vigae au tusipige? Jina lisitajwe. Mikono ikiwa mingi, ahirisha. Athens ilikaa kama miezi miwili kati ya swali hilo na kura yenyewe. Sisi hukaa majuma mawili. Walimu wengi watataka kuuruka muda huu ili wamalize kwa kipindi kimoja, nami nawasihi wasifanye hivyo. Humo ndimo siasa ilimo: kushawishiana foleni ya chakula, kupatana pembeni, uvumi. Siku ya kura hakuna hotuba, kwa hiyo asiyefanya kazi yake mapema amekwisha.

Katika majuma hayo, ita wanafunzi watatu kwa siri uwape vigae vingi, wakwaruze jina la Themistocles kwenye kila kimoja, kisha wavigawe siku ya kura kwa yeyote asiyetaka kuhangaika na msumari. Msingi wa jambo hili ni kisima kilichofukuliwa kwenye mteremko wa kaskazini wa Acropolis, kilima chenye ngome katikati ya Athens. Ndani yake kulikuwa na vigae kama 190, karibu vyote vikiwa na jina la Themistocles, na mwandiko ni wa watu wachache tu. Usiwaambie darasa mpaka kura zihesabiwe. Halafu wapange vigae sakafuni, wautambue mwandiko unaojirudia wao wenyewe.

Teua pia wawili watatu wajifanye hawajui kusoma. Hao watamwomba jirani awaandikie. Plutarch, mwandishi wa kale wa wasifu, anasimulia kwamba mtu wa namna hiyo alimpa Aristides kigae bila kumtambua, akamwomba aandike «Aristides». Alipoulizwa amekosewa nini, akajibu kwamba amechoka kusikia kila mahali mtu huyo akiitwa Mwadilifu. Aristides akaandika jina lake mwenyewe.

Siku ikifika, zungushia uwanja kamba ya katani na uache milango. Athens ilikuwa na milango kumi, mmoja kwa kila kabila. Kila mtu aingie na kigae chake, maandishi yakitazama chini. Hesabu kwanza jumla. Athens ilitaka 6,000, nawe weka kiwango chako mapema, na kisipofikiwa kura imevunjika. Kikifikiwa, hesabu kwa majina. Mwenye kura nyingi zaidi alipewa siku kumi za kuondoka na miaka kumi ya kukaa nje. Hakushtakiwa kwa kosa lolote, wala mali yake haikuguswa.

Baadhi ya Waathene waliongeza maneno. Callias mwana wa Cratius aliitwa Mwajemi, na kigae kimoja kina mchoro wa askari wa Kiajemi. Cimon, jemadari wa Athens, aliambiwa amchukue dada yake Elpinice waende zao. Waruhusu wanafunzi waongeze mstari, ila kwa Waathene wa kale tu. Jina la mwanafunzi au mwalimu likionekana kwenye kigae, simamisha zoezi lote siku hiyo. Hili sina mjadala nalo.

Mwaka 482 KK aliyeondoka ni Aristides. Darasa lako likimwondoa Themistocles, waache na matokeo yao, kisha waulize merikebu zingejengwa na nani.

Kipindi kinachofuata ni mwaka 480 KK. Xerxes, mfalme wa Waajemi, anakuja na jeshi, na mji unawaita nyumbani waliohamishwa. Chagua wanafunzi wawili waigize usiku wa kuamkia vita vya majini vya Salamis kama mwanahistoria Herodotus anavyousimulia: Aristides anapenya katikati ya merikebu za Waajemi, anamwita nje hasimu wake Themistocles, anamwambia kwamba Wagiriki wamezingirwa. Kesho yake anaongoza askari wa ngao kukiteka kisiwa cha Psyttaleia, na mwaka unaofuata anawaongoza Waathene katika vita vya Plataea.

Kisha someni maelezo ya mjumbe kuhusu Salamis katika tamthilia ya Aeschylus iitwayo Waajemi, iliyochezwa mwaka 472 KK. Aeschylus mwenyewe alipigana Marathon, na bado ameiweka hadithi yote Susa, mji mkuu wa Waajemi, kwa mama wa Xerxes na wazee wa adui wanaoomboleza. Aliyegharimia kwaya ni kijana Pericles, mwana wa Xanthippus. Baba huyo naye aliwahi kuhamishwa kwa vigae na kuitwa tena.

Haikuchukua muda mrefu baada ya hapo Themistocles akahamishwa kwa vigae, akaishia kwa mfalme wa Waajemi. Ukibakiwa na vipindi, endesha kura ya pili, ile ya mwaka 461 KK, juu ya Cimon, aliyepeleka jeshi kuisaidia Sparta likarudishwa kwa aibu. Safari hii wabadilishe walioketi nje ya kamba.