Somo: Kutembea juu ya Daraja la Victoria Falls bila kugongewa muhuri

Wageni wengi wanaofika Livingstone, Zambia, huyatazama maporomoko, wakalowa, wakapiga picha, wakaondoka. Daraja la kwenda Zimbabwe wanaliona kwa mbali na kudhani ni la malori na la wenye viza ya Zimbabwe. Sivyo. Unaweza kutembea juu yake, ukaukanyaga mstari wa mpaka na kuupita, na pasi yako ikabaki kama ilivyokuwa. Naeleza kutokea upande wa Zambia kwa sababu watu wetu wengi huingilia huko: basi la Dar kupitia Tunduma hadi Lusaka, kisha jingine la kama kilomita 470 hadi Livingstone.

Hatua ya 1: Amua kwanza unakwenda wapi

Kuna safari mbili, na wanaozichanganya ndio wanaopoteza muda dirishani. Ya kwanza ni daraja tu: unakwenda, unatazama, unarudi Zambia. Ya pili ni kuvuka kabisa uingie mji wa Victoria Falls, Zimbabwe, na pengine kuingia hifadhi ya upande ule. Hii ya pili ni safari ya nje ya nchi kama nyingine zote: unatoka Zambia, unaingia Zimbabwe, mihuri inagongwa, na viza inaulizwa kwa anayehitaji.

Somo hili ni la safari ya kwanza.

Hatua ya 2: Fika mpakani mapema

Kutoka mjini Livingstone hadi mpakani ni kama kilomita 10. Teksi za kuchangia zipo, za kukodi pia. Patana bei kabla hujaketi. Rudisha saa yako nyuma kwa saa moja kama umetoka Afrika Mashariki. Asubuhi kuna nafuu ya jua, kwani juu ya daraja hakuna kivuli.

Usibebe ndizi mkononi wala mfuko wa plastiki unaochakarika. Nyani wa pale wamezoea watu kupita kiasi, na wanaujua mfuko wa chakula kuliko unavyoujua wewe.

Hatua ya 3: Omba kikaratasi cha daraja

Hapa ndipo penye siri yote. Ingia ofisi ya uhamiaji ya Zambia na pasi yako halisi, si nakala. Usijiunge tu na foleni ya wanaotoka nchini ukasubiri kuulizwa. Sema mapema, kwa Kiingereza chepesi, kwamba unakwenda darajani tu na unarudi. Ofisa ataiangalia pasi, kisha atakupa kipande cha karatasi chenye muhuri na idadi ya watu mlio nao. Hakuna muhuri wa kutoka unaogongwa kwenye pasi.

Kama umeingia Zambia kwa viza ya kuingia mara moja, karatasi hii ni muhimu zaidi kwako. Ukigongewa muhuri wa kutoka, viza hiyo imekwisha, hata kama ulichotaka ni picha moja ya korongo. Kwa hiyo kabla hujaondoka dirishani, fungua pasi uhakikishe. Ofisa aliyechoka na foleni ndefu anaweza kugonga kwa mazoea.

Kikaratasi utamwonyesha mlinzi wa geti. Kitunze mfukoni, maana ndicho kitakachokurudisha.

Hatua ya 4: Juu ya daraja, usiwe na haraka

Toka getini, fuata barabara dakika chache. Wachuuzi watakufuata na bangili za shaba, vinyago, na noti za Zimbabwe za dola trilioni 100, zile za mwaka 2009. Noti hizo ni ukumbusho tu. Ukitaka, nunua wakati wa kurudi. Ukianza kupatana bei wakati wa kwenda, utavuka daraja zima ukiwa na kundi nyuma yako. Kubadilisha fedha na watu wa njiani sishauri kabisa.

Daraja lina urefu wa mita 198, na maji yako kama mita 128 chini yako. Limebeba reli, barabara na njia ya waenda kwa miguu. Lilibuniwa liwe la njia mbili za reli. Barabara ya magari ilikuja mwaka 1930 lilipopanuliwa. Simama upande wa juu wa mto uone manyunyu yanavyofumka kutoka kwenye mwanya ambamo Zambezi yote hujibana baada ya kuanguka. Hutayaona maporomoko yote kutoka hapa, ni kipande tu. Anayetaka ukuta mzima wa maji aende hifadhini. Kisha vuka upande wa pili, kwa kuangalia malori, utazame korongo linavyopinda.

Chuma chote kilitengenezwa Uingereza, mjini Darlington, kikaletwa kwa meli hadi Beira na kwa reli hadi hapa. Nusu mbili za tao zilijengwa kutoka kila ukingo zikikutana hewani. Zilipokaribia kushikana, chuma kilikuwa kimetanuka kwa joto la mchana na kipande cha mwisho kikakataa kuingia, kwa tofauti ya zaidi kidogo ya inchi moja. Wakaacha. Alfajiri ya tarehe 1 Aprili 1905, baridi na manyunyu vilikuwa vimekisinyaza chuma, kikaingia mahali pake. Septemba mwaka huohuo daraja likafunguliwa na Profesa George Darwin, mtoto wa Charles Darwin. Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza aliyetaka lijengwe karibu na maporomoko ili mabehewa yapate manyunyu, alikuwa amekufa tangu 1902, na maporomoko yenyewe hakuwahi kuyaona.

Katikati kuna mstari wa mpaka. Wengi hapo hutanua miguu, mmoja Zambia mmoja Zimbabwe, wakapiga picha. Piga na wewe. Ila mimi napapendea jambo jingine. Tarehe 25 Agosti 1975 behewa la treni liliegeshwa papa hapa ili Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), azungumze na wapigania uhuru, wakiongozwa na Askofu Abel Muzorewa, kila upande ukiwa kwenye ardhi yake. Rais Kaunda wa Zambia na Vorster, waziri mkuu wa Afrika Kusini, walikuja. Mazungumzo yakavunjika bila kuzaa kitu. Wakati huo mpaka ulikuwa umefungwa tangu Januari 1973, na shaba ya Zambia, iliyokuwa ikipita juu ya reli hii kwenda bandari za kusini, ilihitaji njia nyingine. Njia hiyo ni TAZARA, kilomita 1,860 hadi Dar es Salaam, iliyoanza kujengwa 1970 baada ya Smith kujitangazia uhuru wake mwaka 1965. Zambia haikuifungua tena reli ya kusini mpaka 1978. Mtanzania akisimama hapa anaangalia sababu mojawapo ya reli aliyokua akiisikia ikipita Mbeya na Makambako.

Piga picha za daraja na korongo upendavyo. Ofisi za mpaka, maofisa na askari, waache.

Hatua ya 5: Kurudi

Ukiufikia mwisho wa daraja upande wa Zimbabwe, geuka. Usiendelee hadi kituo chao. Getini rudisha kikaratasi, onyesha pasi ukitakiwa. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mombasa: Nina pasi ya Kenya. Nanunua ile viza ya KAZA, ya pamoja ya Zambia na Zimbabwe?

Jibu: Hapana, dada. Pasi ya Kenya na ya Tanzania hazihitaji viza Zambia wala Zimbabwe kwa matembezi mafupi. Ila beba kitabu cha chanjo ya homa ya manjano.

Mwanachama, Minnesota: Mimi nina pasi ya Marekani na nataka kuona pande zote mbili, siku mbili tatu.

Jibu: Kwako KAZA ina maana. Ni dola 50, inadumu siku 30, unaingia na kutoka Zambia na Zimbabwe upendavyo, na hata kwenda Botswana kwa siku moja kupitia mpaka wa Kazungula. Zimewahi kuisha madirishani, kwa hiyo uliza siku ile ile unapoingia.

Mwanachama, Mbeya: Shikamoo mkuu. Nitakwenda na mama, umri umeenda na anaogopa urefu. Ataweza?

Jibu: Marahaba. Vizuizi vya pembeni ni imara na njia ya miguu ni tambarare. Mwambie mapema kwamba lori likipita atahisi mtikisiko chini ya miguu, asije akashtukia. Akisita, mkahawa uko upande wa Zambia, atakaa huko akilitazama daraja mpaka urudi.

Mwanachama, Dodoma: Wale wanaoruka kwa kamba pale katikati, ni salama kweli?

Jibu: Ni mita 111 kwenda chini, na watu huruka karibu kila siku. Mwisho wa mwaka 2011 kamba ilimkatikia mgeni kutoka Australia, akaangukia mtoni na miguu bado imefungwa. Aliokoka. Uamuzi ni wako, mimi hutazama tu.

Mwanachama, Kampala: Mwezi gani ni mzuri?

Jibu: Machi hadi Mei maji ni mengi mno, manyunyu hufunika kila kitu na utalowa, beba koti la mvua na mfuko wa kufungia simu. Oktoba na Novemba upande wa Zambia unakaribia kukauka, unabaki mwamba mtupu. Mimi ningekwenda Juni au Julai.

Mwanachama, Dar: TAZARA inafika Livingstone?

Jibu: Hapana, mkuu. Inaishia New Kapiri Mposhi. Hapo unapanda basi la Lusaka, kisha la Livingstone. Na kabla hujafunga mizigo ulizia stesheni kama treni ya abiria ipo wiki hiyo.