Gogo Lisikatwe Likiwa Chini: Udongo Unavyoua Mnyororo wa Chenso

Wavunaji wa paini wakimaliza kitalu huku Mufindi na Njombe, huacha vilele, matawi na magogo yaliyopinda ambayo hayafai mbao. Mwenye shamba anayetaka kupanda upya hufurahi mtu akimwondolea mzigo huo. Kuna pia milingoti (mikaratusi) iliyoangushwa na upepo, miwati iliyokwisha kubanduliwa magome na migrevilea iliyopunguzwa matawi kwenye kahawa. Kuni hizo ni za bure kweli. Gharama inaingia pale chenso (msumeno wa injini) ya kikundi inapotoka asubuhi na mnyororo mpya na kurudi jioni ikitoa moshi, meno yamekuwa ya duara kama kucha. Kwa siku moja ya kuni za bure, mnyororo uliopaswa kunolewa kwa miezi unatupwa, na bapa lake, ule upanga wa chuma ambao mnyororo unauzunguka, linafuata.

Sababu ni moja, nayo inarudiwa kila kijiji: gogo linakatwa likiwa limelala chini, na chenso inashuka mpaka iguse udongo. Mkataji anasema, "Imegusa kidogo tu." Hakuna kidogo. Mnyororo unaokwenda kasi kamili husafiri karibu mita 20 kwa sekunde. Kwenye bapa la inchi 18, kila jino linazunguka zaidi ya mara 10 ndani ya sekunde moja. Ukigusa mchanga kwa muda wa kupepesa jicho, meno yote yameupita mchanga huo, tena zaidi ya mara moja. Mchanga ni mgumu kuliko chuma cha jino. Makali yenyewe yamo kwenye tabaka jembamba la kromu lililo juu ya jino, na hilo ndilo linalomong'oka kwanza.

Udongo hauko chini ya gogo peke yake. Gogo lililoburutwa na trekta au ng'ombe lina mchanga ndani ya mikunjo ya magome, hasa paini iliyokomaa, maana magome yake ni mazito na yana nyufa. Gogo lililolala misimu miwili ya mvua huenda mchwa wamelijaza udongo ndani kabisa. Kwa nje linaonekana zima. Ligonge na kisogo cha shoka. Likitoa mlio mzito uliofifia badala ya kulia, achana nalo au lipasue kwa kabari. Na mti uliokuwa nguzo ya ua una misumari na waya uliomezwa na mti wenyewe. Ukiona doa jeusi au la bluu kwenye mbao, huenda ni dalili ya chuma ndani. Sogea angalau sentimita 30 juu au chini ya doa.

Sasa namna ya kukata. Kabla hujawasha mashine, bandua magome kwa shoka mahali utakapopitisha chenso, mkanda wa upana wa sentimita 10 kuzunguka gogo, au walau upande ule jino linapoingilia. Gogo lenye matope kavu lipigwe brashi ya waya. Ni kazi ya dakika moja kwa kila mkato, na watu huiona ni kupoteza muda. Kunoa mnyororo uliogusa mchanga kunachukua dakika 40, na kila unaponoa unalipunguza jino.

Gogo linaloinulika liinuliwe. Tanguliza vipande viwili vya unene wa sentimita 15 chini yake, uache ncha ya gogo ining'inie nje. Kata upande huo unaoning'inia, kipande kimoja kimoja cha sentimita 40, na kila kipande kitaanguka chenyewe bila kubana bapa. Watu wengi wanarudi kukata chini kwa sababu waliwahi kuinua gogo likawabana. Walibanwa kwa kuwa walikata katikati ya mihimili miwili. Gogo lililoshikiliwa ncha zote mbili hubonyea katikati: upande wa juu unajibana, wa chini unajivuta. Ikibidi ukate hapo, anza juu theluthi moja ya unene, kisha maliza kwa kupandisha kutoka chini. Gogo lililoshikiliwa upande mmoja tu, lenye kilele kizito kinachoning'inia, ni kinyume chake: theluthi ya kwanza kutoka chini, kisha unamalizia juu. Kwa mti ulioangushwa na upepo na bado umejikunja kama upinde, utaratibu ni uleule, ila simama upande wa ndani wa mkunjo, maana utakapoachia utarukia upande wa nje.

Gogo zito lisiloinulika lisikatwe mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja. Tuseme lina unene wa sentimita 40. Pima sentimita 30 na kata mikato yote mfululizo mpaka hapo, kila sentimita 40 mkato mmoja, ukiacha sentimita 10 za chini zisiguswe. Ukiona mkato unaanza kufumba, gonga kabari ya mbao au ya plastiki ndani yake, usigonge ya chuma. Zima mashine. Watu wawili wachukue gongo la mita 2 au mtaimbo, wabingirishe gogo zima nusu duara, halafu malizia zile sentimita 10 ambazo sasa ziko juu. Ili usikisie kina, paka alama ya rangi kwenye ubavu wa gogo, sentimita 30 kutoka juu. Anayesema jicho lake linatosha aonyeshe kwanza meno ya mnyororo wake.

Matawi membamba kuliko sentimita 8 usiyafuate na chenso mojamoja ardhini. Mnyororo huyapiga mijeledi, na ncha ya bapa huishia kwenye udongo au, mbaya zaidi, inagonga tawi na mashine inaruka kuelekea usoni. Panga linatosha. Kama ni mengi, chimbia vigingi vinne vya urefu wa kiuno, jozi mbili zilizoachana sentimita 80, jaza matawi katikati, funga kwa kamba katika kila jozi, halafu kata kwa mkato mmoja nje ya jozi. Mafungu yanatoka sawasawa na hakuna jino linalogusa chini.

Ikiwa imeshagusa, simama hapo hapo. Hapa ndipo kosa la pili linapozaliwa, na ndilo linalomaliza mashine: mkataji anaanza kuisukuma. Mnyororo mkali unajivuta wenyewe ndani ya mti kwa uzito wa mashine na unatema chenga nene. Ukitema unga, umekwisha makali. Ukikata mkato unaopinda kulia au kushoto, meno ya upande mmoja yameliwa zaidi ya mengine. Ukiendelea kukandamiza, joto linapanda, kingo za bapa zinatafunwa, klachi inateleza na kuungua, na injini inayopiga kelele bila kukata inajipika. Kisha analaumiwa fundi.

Shika mnyororo mashine ikiwa imezimwa, geuza jino kuelekea jua na tazama ukingo wake wa mbele. Ukingo mkali hauonekani. Hauna upana wa kurudisha mwanga. Ukiona mstari mwembamba mweupe unaong'aa pale juu, hiyo ndiyo sehemu iliyoviringika, na lazima ulinoe jino kwa tupa mpaka mstari huo upotee wote. Watu wananoa mara mbili tatu, wanagusa kwa kidole, wanaridhika, na nusu ya mstari bado ipo. Jino la namna hiyo linateleza juu ya mti.

Tupa ni ya duara na ina namba yake. Mnyororo wenye maandishi 3/8 unataka tupa ya mm 5.2 au 5.5, kulingana na kiwanda. Boksi la mnyororo linasema. Wa .325 unataka mm 4.8. Ule mdogo wa 3/8 wa mashine nyepesi unataka mm 4.0. Tupa nyembamba kupita kiasi inachimba shimo chini ya ukingo na kuufanya uwe kama wembe unaovunjika. Nene kupita kiasi inaacha ukingo umelala. Si kila tupa unayoikuta dukani ni tupa ya mnyororo wako. Soma namba iliyogongwa kwenye bapa karibu na mashine kabla hujatoka nyumbani.

Bana bapa kwenye ufa uliochanja katika kisiki ili lisicheze. Tupa iwe mlalo, na sehemu moja ya tano ya unene wake ionekane juu ya jino. Pembe ni nyuzi 30, na meno mengi yana mstari uliochorwa juu kuonyesha pembe hiyo. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, inua, rudi, sukuma tena. Usikokote kurudi nyuma. Ndivyo tupa inavyokufa. Tafuta kwanza jino fupi kuliko yote, linoe mpaka mstari uishe, kisha fupisha mengine yote yalingane nalo. Maliza upande mmoja wote kabla ya kugeukia wa pili. Mnyororo ambao haujagusa udongo unataka misukumo 2 au 3 tu kwa kila jino, kila unapojaza tangi la mafuta. Jino likibaki na urefu wa mm 4, au likifika alama iliyochongwa na kiwanda, basi mnyororo umemaliza maisha yake kihalali.

Mbele ya kila jino kuna nundu. Hiyo inaamua jino liingie kina gani. Kwa mnyororo mwingi wa kawaida nundu iwe chini ya ukingo wa jino kwa mm 0.65, yaani karibu unene wa kadi ya benki iliyopungua kidogo. Kila baada ya kunoa mara 3 hadi 5, weka kipimo chake juu ya meno na ushushe kilichochomoza kwa tupa bapa (isiyo ya duara), kisha viringisha kidogo pembe ya mbele. Kuna wanaozishusha nundu kwa kukisia ili "ile vizuri". Inakula, ndiyo: inang'ata, inakwama, na inamrukia mkataji kifuani. Kipimo hicho ni kipande cha bati kinachouzwa pamoja na tupa. Kinunuliwe.

Bapa nalo ligeuzwe juu chini kila unaponoa, mfereji wake ukwanguliwe uchafu, na tundu la oili lizibuliwe kwa waya. Kupima kama oili inafika, elekeza ncha kwenye gome jeupe la mlingoti kwa umbali wa sentimita 20, ipe mafuta nusu. Mstari wa matone utokee. Usipotokea usikate. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye pikipiki haifai hapa hata kama ni ya bure. Ina vumbi la chuma ndani yake, nalo linafanya kazi ileile ya mchanga, safari hii kutoka ndani, na linakwamisha pampu. Jaza tangi la oili kila unapojaza petroli, bila kujali kama limeisha.

Mchanganyiko wa petroli upimwe kwa bomba la sindano la mifugo la ml 20, si kwa kizibo cha soda. Oili ya 2T (ile ya kuchanganya na petroli) iliyoandikwa 50:1 ni bomba moja kwa lita moja, ml 100 kwa lita 5. Ya 25:1 ni mabomba mawili. Changanya ya kutosha wiki chache. Iliyokaa zaidi ya siku 30 usiitumie. Mnyororo ukiwa umepoa, ugusane na bapa kwa chini na bado uvutike kwa mkono uliovaa glovu. Ukiwa wa moto unalegea, unakazwa. Kazi ikiisha ulegeze tena, kwani ukipoa unafupika na kuukaba mhimili wa injini.

Kuhusu ruhusa: shamba la mtu ni kwa kauli ya mwenyewe, ikiwezekana kwa maandishi na mwenyekiti wa kitongoji akijua. Ndani ya msitu wa hifadhi, hata gogo lililoanguka lenyewe linahitaji kibali cha ofisi ya misitu. Chenso ikikamatwa huko haitaulizwa kama mti ulikuwa umekufa.

Kata na pasua kati ya Juni na Agosti ili jua la Septemba na Oktoba likaushe kabla ya mvua za Novemba. Pasua kwanza ndipo upange, gome likiwa juu, kwenye nguzo zilizoinuka sentimita 15, na bati lifunike juu tu, pembeni pabaki wazi. Kuni zilizokauka zina nyufa kwenye ncha na hulia zikigonganishwa. Yale magogo mazima yasiyopasuliwa, ya milingoti hasa, usiyahesabu kwa msimu huu. Yaache mpaka kiangazi kijacho, na uyaweke juu ya nguzo tangu leo, maana yakilala chini mchwa watayajaza udongo na mwakani utaingiza mnyororo mpya ndani yake.