Kabla ya kumkalisha mwanafunzi kwenye kiti cha kuzunguka

Kwenye klabu za sayansi hapa Dodoma swali halikosekani: kwa nini chombo cha anga kisizungushwe tu, wanaanga wakapata uzito kama wetu? Kiti cha ofisini kinachozunguka kinaweza kutoa jibu, mradi mwalimu ajiandae.

Anza ubaoni. Mwanaanga anayeelea hupoteza takribani asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mfupa wa nyonga kila mwezi, misuli ya miguu husinyaa, maji ya mwili hupanda kichwani na macho ya baadhi yao huathirika. Mazoezi ya saa mbili na zaidi kila siku husaidia, lakini hayatoshi kwa yote. Hiyo ndiyo sababu ya kutamani mvutano wa bandia.

Kisha hesabu. Kwa mizunguko 2 kwa dakika, uzito kama wa Duniani unahitaji nusu kipenyo cha mita 224 hivi. Gurudumu hilo lingepita viwanja vinne vya mpira kama cha Jamhuri hapa Dodoma vikipangwa kwa urefu. Ukilipunguza hadi nusu kipenyo cha mita 25, mizunguko inapanda hadi 6 kwa dakika, na hapo sikio la ndani, linalohisi mizunguko na kutunza usawa wa mwili, linaanza kulalamika. Huko Pensacola, Marekani, miaka ya 1960, watu waliishi ndani ya chumba kinachozunguka. Kwa mwendo wa pole walizoea. Kwenye mizunguko 10 kwa dakika wengi walipata kichefuchefu. Kasi ilipopandishwa kidogo kidogo walistahimili vizuri zaidi.

Sasa kiti. Kaza nati, kiweke kwenye sakafu kavu, mbali na kona za meza. Mwenye kifafa, maradhi ya masikio au mimba asikae, na msifanye mara baada ya chakula cha mchana. Mzunguko mmoja kwa sekunde 6 unatosha. Afumbe macho, atulie, kisha alaze kichwa begani taratibu. Utaona vidole vinashika mikono ya kiti kwa nguvu: anahisi anapinduka, ingawa kiti hakijainama hata kidogo. Umajimaji wa mifereji ya sikio umepewa mizunguko miwili kwa wakati mmoja. Mruhusu aseme basi, na usimwache asimame mpaka macho yake yametulia. Ndoo iwe karibu.

Bila shaka watauliza kama dakika chache kwa siku zingetosha. Wasimulie jaribio la Cologne, Ujerumani, mwaka 2019: watu 24 walilala siku 60, vichwa vimeshushwa digrii 6 ili kuiga hali ya kuelea angani, na baadhi yao wakizungushwa dakika 30 kila siku kwenye mashine. Haikutosha kuuzuia mwili kudhoofika. Halafu waache wajadili wangebadilisha nini: muda, kasi, au ukubwa wa gurudumu.