Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutembea kwa Miguu Mjini Amboise, Kando ya Mto Loire

Amboise ni mji mdogo katikati ya Ufaransa, kwenye ukingo wa kusini wa mto Loire, na kutoka Tours treni huchukua takriban dakika 20. Wageni wengi huujia kwa ajili ya kasri la kifalme lililo juu ya mwamba na nyumba alimofia Leonardo da Vinci, na wengi wao huondoka wakilalamikia miguu. Malalamiko hayo yananishangaza kidogo, maana njia za mji huu ni fupi na humfaa hata mtu asiye na mazoezi. Kinachowachosha ni kupanda kwanza na kuuacha mto mwisho, saa za jua kali. Kwa hiyo kabla ya kufunga mkoba, ni vizuri kujua ni njia zipi ziko chini, zipi ziko juu, na kila moja inadai nini.

Stesheni iko ng'ambo ya pili, upande wa kaskazini. Anayeshuka kwenye treni hutembea karibu robo saa kabla ya kuufikia mji wenyewe, akivuka mkono mmoja wa mto, kisha kisiwa kiitwacho Île d'Or, kisha mkono wa pili. Usiuhesabu mwendo huo kuwa adha, kwani ndiyo njia rahisi kuliko zote: ni tambarare, na kutoka kisiwani kasri huonekana lote kwa mara moja, jambo lisilowezekana ukiwa chini ya kuta zake. Kigari cha mtoto na kiti cha magurudumu hupita bila taabu darajani, ila upepo wa mtoni huwa mkali hata siku ambayo mjini kumetulia, na mtoto aliyelala huhitaji kufunikwa.

Kuhusu viatu sitaficha msimamo wangu: ndala na viatu vya visigino vibaki hotelini. Njia iliyo chini ya kasri na baadhi ya vichochoro vimetandazwa mawe yenye migongo ya mviringo, ambayo miguu mingi kwa miaka mingi imeyasugua mpaka yakang'aa, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Viatu vyenye soli laini ya mpira, ambavyo umekwisha kuvivaa siku kadhaa, vinatosha kabisa. Buti za mlimani hazihitajiki.

Kutoka chini ya kasri barabara ya rue Victor Hugo hupanda taratibu hadi Clos Lucé, nyumba ya Leonardo, mwendo wa dakika kumi hivi. Mfalme Fransisi wa Kwanza alimkaribisha Leonardo huko mwaka 1516, na msanii huyo alifariki humo tarehe 2 Mei 1519. Tembea upande wa mwamba, kwa sababu huko utaona nyumba zilizochimbwa ndani ya jiwe lenyewe, zikiwa na mlango, dirisha lenye pazia, na bomba la moshi linalochomoza juu kabisa penye majani. Jiwe hilo, tuffeau, ni chokaa laini mno. Ukiliegemea, bega la koti hutoka na unga mweupe. Nguo nyeusi si chaguo jema siku hiyo.

Ndani ya kasri ndipo penye ngazi, na anayeumwa magoti apange mapema. Minara mikubwa ya kasri ilijengewa njia pana ya kuzunguka badala ya ngazi, ili farasi na magari yao yapande kutoka usawa wa mji hadi uani, lakini sehemu nyingine za jumba zina ngazi nyembamba na milango mifupi. Mwaka 1498 mfalme Charles wa Nane aligonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango mmoja wa kasri hili, akafa saa chache baadaye, kwa hiyo mtu mrefu ainame. Bustanini kuna mahali ambapo msomaji Mwislamu pengine angependa kutenga muda. Amiri Abdelkader wa Algeria, aliyepigana na Wafaransa waliovamia nchi yake, alizuiliwa hapa pamoja na jamaa na wafuasi wake kuanzia 1848 hadi 1852, na baadhi yao walifia uhamishoni na kuzikwa hapo hapo. Tangu 2005 makaburi yao yamewekewa mawe yaliyobuniwa na msanii Rachid Koraïchi. Ni makaburi ya kweli, basi watoto wakatazwe kukimbia humo.

Sasa suala la saa, ambalo kwetu sisi tunaohesabu kuanzia mapambazuko lina mtego wake. Vibao vyote hutumia saa 24, na 14h maana yake ni saa nane mchana. Nimewahi kuachwa na treni kwa kusoma 9h kichwani kama saa tisa, nikiwa nimekaa kwa starehe na kahawa mkononi. Andika saa zako zote kwa mtindo wao kabla ya kuondoka. Tena fahamu kwamba chakula cha mchana hutolewa kati ya saa sita na saa nane hivi, baada ya hapo majiko mengi hufungwa hadi jioni, na Jumatatu maduka kadhaa hayafunguki. Ukiweza, fika Ijumaa au Jumapili asubuhi, ambapo soko hupangwa karibu na mto: utapata mkate, jibini ya mbuzi na matunda, nawe utakula kwenye benchi bila kumtegemea mpishi wa mtu.

Majira hubadilisha safari nzima. Mwishoni mwa Juni jua huchwea karibu saa nne usiku, na unaweza kutembea kando ya mto baada ya chakula. Desemba giza huingia saa kumi na moja jioni, na njia za ukingoni nyingine hazina taa. Joto la Julai na Agosti huweza kupita nyuzi 35, na ukuta mweupe hulirudisha usoni, kwa hiyo kofia na chupa ya maji ni vya lazima. Maji ya bomba hunyweka, isipokuwa palipoandikwa "eau non potable". Kila asubuhi angalia ramani ya tahadhari ya Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa: rangi ya chungwa au nyekundu ikionekana, ahirisha.

Mto wenyewe unadanganya. Kiangazi hushuka hadi visiwa vya mchanga vikajitokeza, na mtu huona kama angeweza kuvuka kwa miguu. Lakini mchanga huo huhama, huacha mashimo ghafla, na mikondo ya chini ina nguvu. Usiogelee, na usimwache mtoto akifuata maji yanaporudi nyuma. Majira ya baridi na masika hali ni kinyume, maji hupanda, na njia za chini ya tuta huweza kuzama. Mafuriko makubwa ya 1846, 1856 na 1866 ndiyo yaliyofanya matuta ya Loire yaimarishwe kwa kiasi unachokiona leo.

Njia ya tatu, ya kwenda Pagode de Chanteloup, ningeiwekea siku yake. Mnara huo wa ghorofa saba, wenye urefu wa mita 44, ndio alama kuu iliyosalia ya makao ya Duke wa Choiseul, waziri wa mfalme Louis wa Kumi na Tano, na uko kilomita 3 hivi kusini mwa mji. Mwendo ni mwepesi, ila njia huondoka kwenye nyumba na kuelekea pembezoni mwa msitu, na huko ni lazima ujue alama: mstari wa njano ni njia fupi ya eneo, mweupe na mwekundu ni njia ndefu, na alama ya X humaanisha umepotea njia. Vaa suruali ndefu kwa sababu ya kupe, na kuanzia vuli hadi Februari vaa rangi inayoonekana, maana ni msimu wa wawindaji.

Vingine ni vidogo: betri ya ziada ya simu, sarafu za sokoni, dawa zako za kila siku pamoja na cheti cha daktari, nakala ya pasipoti na ya bima ya matibabu, ambayo mwenye viza ya Schengen alikwisha kutakiwa kuikata. Namba ya dharura ni 112. Na ukiingia dukani, sema "bonjour" kabla ya swali lolote. Asiyesalimu huhudumiwa kwa baridi, jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa.

Jioni, usisahau kwamba daraja ulilovuka asubuhi bado liko kati yako na treni. Tenga dakika 25 badala ya 15, kwa sababu miguu itakuwa mizito, na kwa sababu ukifika kisiwani taa za kasri huwa zimewashwa, nawe utasimama kutazama.